Chongo ni Chongo

(Maneno niliyoyasema mbele ya wazazi na vijana usiku mmoja uani mwa Ngome ya Lamu. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikapunguza vikohozi tu.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliobanana kule karibu na mlango ili kutoroka kuwe rahisi, hamjambo.

Niseme kwanza nilivyofika hapa. Mzee aliyenialika alinambia, "Njoo utueleze hasara za gemu, vijana wakusikie wewe, maana sisi hawatusikii tena." Nikasema labeka. Jioni ile ile napita Mkunguni na mkate wangu wa mofa mkononi, kijana mmoja akanishika bega: "Kaka, tumesikia utazungumza. Tutetee tafadhali, baba yangu atakuwepo." Nikamwambia ondoa shaka. Kwa hiyo nimesimama mbele yenu na ahadi mbili, na nikitimiza moja nyingine inavunjika. Nitawaudhi nyote kidogo, tugawane.

Mimi nina miaka 42. Nina duka la vifaa vya umeme, mke mmoja na watoto watatu. Jana baada ya isha nilicheza gemu saa moja na nusu, na wala sikuwa nikijitayarisha kwa mazungumzo haya. Nilicheza kwa kuwa napenda. Ndani ya muda huo niliona upuuzi wa kutosha, uliotengenezwa na watu wazima wenye mishahara mikubwa. Nikatikisa kichwa, nikaendelea kucheza.

Wazee mnao msemo: ukipenda, chongo huita kengeza. Mtu ana mchumba mwenye jicho moja, ukimuuliza anakujibu, "Aa, ana makengeza kidogo tu, wala hayaonekani." Mimi mchumba wangu ni gemu, na ana chongo. Nampenda, na nasema ana chongo. Vijana wengi mkiulizwa mnajibu makengeza. Na wazazi wengi mmeliona hilo jicho bovu tangu mlangoni, uso wenyewe hamjautazama hata siku moja.

Nianze na uso.

Mwaka 2006 na 2007 palikuwa na kibanda cha gemu mtaa wa Langoni, chumba kimoja kilichokuwa stoo. Televisheni mbili zile nene zenye kichogo, PlayStation 2 mbili, mkeka, na feni iliyokuwa ikipuliza joto kutoka kona moja kulipeleka kona nyingine. Mechi moja shilingi kumi. Aliyefungwa ndiye anayelipa na kunyanyuka. Aliyeshinda hanyanyuki mpaka apatikane wa kumnyanyua. Gemu ilikuwa moja tu, Pro Evolution Soccer 6 ya Wajapani wa Konami, na CD zetu zote zilikuwa za kunakili. Naanza na kasoro yetu wenyewe ili nisije nikaonekana malaika.

Gemu ile ilikuwa na kasoro ya kuchekesha. Haki ya kutumia majina ya ligi ya Uingereza walikuwa nayo washindani wao, wale wa gemu ya FIFA. Basi Konami wakabuni majina. Ukitafuta Chelsea huioni, unakuta London FC. Ukitafuta Liverpool unakuta Merseyside Red. Mimi nimejua kwamba kuna mahali duniani panaitwa Merseyside kwa sababu ya kasoro hiyo. Mwalimu wangu wa jiografia hakuwahi kupataja.

Mwenye kibanda alikuwa shabiki wa Liverpool na jambo hili lilimkera mpaka usingizini. Ramadhani moja, baada ya tarawehe, alikaa chini na padi ya kuchezea akaanza kuandika upya. Kwenye padi hakuna herufi. Unashuka kwa kidole gumba hadi kwenye L, unabonyeza. Unarudi hadi I, unabonyeza. Unakwenda hadi V. Jina la timu, kisha wachezaji mmoja mmoja, kisha rangi ya jezi, kisha nywele za Crouch. Alimaliza karibu na daku. Tulimpigia makofi kama bwana harusi. Baada ya wiki tatu mtoto mmoja akaichomoa memori kadi wakati mashine inahifadhi, kila kitu kikafutika, na Merseyside Red wakarudi uwanjani kana kwamba hakuna aliyewahi kukesha. Mwenye kibanda alifunga mlango siku mbili. Akafungua, akaanza tena na L.

Lakini kasoro kubwa ya gemu ile ilikuwa Adriano. Adriano wa Inter, Mbrazili, mguu wa kushoto. Waliomtengeneza walimpa nguvu ya shuti 99, na kipimo chenyewe kinaishia 99. Unampa mpira hatua chache baada ya katikati ya uwanja, unashikilia kitufe, basi. Kipa anaruka kwa adabu tu. Wiki ya kwanza kila mtu alichukua Inter. Wiki ya pili kibanda kilikuwa kimechosha kama mchuzi bila chumvi, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo nalifikiria.

Pakabandikwa kipande cha boksi ukutani, kimeandikwa kwa kalamu nzito: INTER HAICHUKULIWI. Hakuna mkubwa aliyetuamrisha. Baada ya siku chache ikaongezwa chini yake: KURUDISHA MPIRA KWA KIPA MARA MBILI TU. Kisha: GOLI LA KONA LA AINA MOJA HALIFUNGWI MARA TATU. Watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na sita, walikaa wakatunga sheria za kuziba matundu yaliyoachwa na kampuni huko Japani. Kesi ilihukumiwa na yule aliyenyanyuka punde, maana hakuwa na upande. Niliwahi kuona hukumu ikikatwa dhidi ya mwenye kibanda mwenyewe, akalipa shilingi kumi zake, akaziweka kwenye kopo lake mwenyewe.

Siku moja akaja mgeni kutoka Malindi, kijana mwenye simu nzuri na marashi makali. Akachukua Inter. Tukamwonyesha boksi. Akasema hela yake ni hela, na gemu imemruhusu. Hapo alisema kweli, gemu ilimruhusu. Akashinda mechi sita, zote kwa Adriano. Ilipofika ya saba, aliyekuwa zamu akaiweka padi chini mkekani taratibu, akatoka kwenda kununua viazi vya karai. Aliyefuata akamfuata. Yule mgeni akabaki anacheza na mashine peke yake, anafunga, hakuna wa kusema hata "aah!" Robo saa baadaye aliondoka bila kuaga. Watu wa Malindi mliomo humu mnisamehe, angeweza kutoka popote.

Kwa hiyo mzazi anaponiuliza mtoto anajifunza nini kwenye kibanda, namkumbuka yule mgeni. Sikusema kila kibanda kiko hivyo. Viko vingine ambavyo mechi huchezwa kwa dau, na sigara zinavutwa, na mtoto wa darasa la tano anaonekana humo saa nne asubuhi siku ya shule. Hivyo mvifunge, nitawasaidia kubeba televisheni.

Nipite haraka kwenye magari. Grand Theft Auto: San Andreas, mwaka 2004. Mji wetu vichochoro vyake vinapishana punda na mkokoteni, magari ni ya kuhesabu. Gari la kwanza nililoendesha maishani mwangu nililiiba, na nililiiba nikiwa CJ, yule unayemwendesha kwenye gemu hiyo. Miaka baadaye nilipojifunza udereva Mombasa, mwalimu aliniuliza nimefundishwa na nani kukata kona kwa kupitia juu ya njia ya waendao kwa miguu. Gemu ile kasha lake huko Ulaya limeandikwa 18. CD zetu za kunakili hazikuwa na kasha, kwa hiyo hazikuwa na umri. Nilimwona mtoto wa miaka tisa anafukuza polisi kwa bunduki na sisi wakubwa tunacheka. Hilo ni letu, halina Mjapani wala Mmarekani wa kumsingizia.

Sasa nifike kwenye chongo lenyewe.

Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ilitoa Resident Evil 5. Askari wa Kimarekani, Chris Redfield, anakuja Afrika, sehemu ya kubuni iitwayo Kijuju, ambayo wenyewe wameiweka Afrika Magharibi. Wakazi wameingiwa na vimelea vinavyowageuza viumbe wa kuua, na kazi ya Chris ni kuwapiga risasi. Viumbe hao wana jina. Wanaitwa Majini. Ndiyo mama, nimesema Majini. Na wanazungumza Kiswahili. Lugha yetu imeondoka pwani hii ikafika Afrika Magharibi bila kushuka kituo hata kimoja njiani.

Mimi na rafiki yangu tuliicheza nyumbani kwa bibi yangu, Mungu amrehemu. Gemu ile wanacheza watu wawili, skrini inagawanywa, mmoja ni Chris na mwingine ni Sheva, Mwafrika mwenzake. Ilikuwa usiku, bibi yuko chumba cha ndani na tasbihi yake. Akasikia wanaume wanafoka kwa Kiswahili sebuleni mwake. Akauliza, "Nani hao mwagombana nao usiku huu?" Rafiki yangu, bila kunyanyua mato kwenye kioo, akajibu, "Majini, bibi."

Kimya. Kisha tukasikia Ayatul Kursiy kutoka chumbani, kwa sauti iliyokuwa ikipanda. Kisha pazia likafunuliwa. Bibi akasimama nyuma yetu amejifunga leso, akatazama, akategea sikio. Alisikiliza kwa muda mrefu, kama anavyosikilizwa mposaji. Mwisho akasema, "Hawa si majini wa huku. Hata kusema hawajui." Akarudi kulala ametulia kabisa.

Picha za kwanza za gemu hiyo zilipoonyeshwa mwaka 2007, watu wengi duniani walilalamika: mzungu mwenye bunduki, na mbele yake umati wa weusi wanaoanguka mmoja baada ya mwingine. Malalamiko yalikuwa ya haki, na baada ya kuicheza mpaka mwisho nasema bado ni ya haki. Ule si uzembe wa jina la timu. Mtu alikaa mezani, akatafuta lugha ya kumpa adui asiye na akili, mkono wake ukaangukia ya mama yangu.

Lakini pia nakumbuka rafiki yangu ananambia, "Nimebakiwa na risasi tatu, chukua mbili." Gemu ile inakulazimisha kugawana. Mwenzako akianguka huwezi kuendelea, lazima urudi umnyanyue. Ni miaka zaidi ya kumi na tano sasa, na yule jamaa ndiye niliyemwachia funguo za duka nilipokwenda umra. Kuna atakayenambia chagua moja: ama uipende gemu, ama ulitambue tusi. Sichagui. Yote mawili yalinikuta sebule moja, usiku mmoja, na bibi shahidi.

Tena msidhani hawawezi kututendea vyema wakitaka. Mwaka 2005 ilitoka Civilization IV, gemu ya kujenga dola kutoka enzi za mawe. Ukiifungua tu unapokewa na kwaya ya Kiswahili, ile Sala ya Bwana ya ndugu zetu Wakristo, muziki wa Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo, Baba Yetu, ulipata tuzo ya Grammy, na ndio muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuifikia tuzo hiyo. Mimi ni Mwislamu niliyelelewa chuoni, na siku ya kwanza kuusikia vinyweleo vilisimama. Niliuacha ucheze mara tatu kabla sijabonyeza kitufe chochote. Kisha nikaingia ndani kuchagua taifa la kuongoza. Wamisri wamo, Wamali wamo. Waswahili hatumo. Lugha wameiweka mlangoni ipokee wageni, wenye lugha hawakualikwa kula.

Nikacheza na Mali. Nilipoteza usingizi wa wiki nzima, na sijuti.

Chongo la tatu linahusu mfuko, na hapa naomba baba zangu mnisikilize zaidi ya vijana. Hapa nje ya ngome wazee wanacheza bao kila siku. Mashimo 32, kete 64. Aliyekuwa fukara na aliyekuwa tajiri wakikaa pale kila mmoja ana safu zake mbili. Hakuna aliyewahi kumwinamia mzee sikioni kumwambia, "Ongeza shilingi mia, nikupe kete mbili za dhahabu." Gemu nyingi za leo zinasema hivyo, tena mara kumi kwa siku.

Kwenye gemu za mpira kuna pakiti. Unalipa, pakiti inafunguka kwa mataa na vishindo, na ndani yake hujui utamkuta nani. Unamtaka mshambuliaji wa Ufaransa, unapewa beki wa akiba. Unanunua nyingine. Wazazi, jina la jambo hili mnalijua, limetajwa kwenye Kitabu. Wabelgiji si Waislamu, na mwaka 2018 walisema vile vile, kwamba ni kamari. EA, watengenezaji wa FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, wakaacha kuuza huko zile pointi za kununulia pakiti mwanzoni mwa 2019. Kwetu zinauzwa mpaka leo.

Msinione mjanja. Mimi nilinaswa na gemu moja ya simu ambayo sitaitaja, maana mjinga nilikuwa mimi. Niliingiza mia. Kesho yake mia. Mia haimuumizi mtu mzima, ndiyo hila yenyewe. Mwisho wa mwezi mke wangu akachukua simu kutafuta ujumbe wa malipo ya umeme, akakuta jina lile lile, usiku wa manane, mara thelathini na nne. Akaniita chumbani, akafunga mlango. "Huyu unayemtumia hela kila usiku ni nani?" Nikamweleza. Nikamwonyesha na mchezaji niliyempata. Akamtazama yule mchezaji, akanitazama mimi, akasema, "Angekuwa mke mwenza ningekuelewa. Huyu hata hayupo." Niliifuta gemu hiyo mbele yake. Sikuacha gemu, niliiacha ile. Tofauti hiyo nitaisimamia mbele ya kadhi yeyote.

Najua mama mmoja pale ana swali, amelishika tangu mwanzo: mwanangu amelewa gemu, nifanyeje? Shirika la Afya Duniani limeliandika tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Linasema mtu ashindwe kujizuia, gemu itangulie mbele ya mambo mengine yote, na aendelee hata anapoona inamharibia. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa miezi 12 hivi. Mtoto aliyechelewa kuja kula kwa sababu mechi ina dakika tano hana ugonjwa. Ana dakika tano. Mngojeeni, kisha mpeni sahani ya kuosha.

Mimi niliwahi kuugusa mpaka wenyewe. Nilikuwa na miaka 25, nimeitwa Mombasa kwa usaili wa kazi. Mashua ya kuvuka Mokowe kuwahi basi ilikuwa ya alfajiri. Nikasema nicheze kidogo ili nisilale nikapitiwa. Saa kumi usiku bado nacheza, na saa kumi na moja nikapitiwa. Niliamka jua limeshatoka, padi iko kifuani. Nikakimbia na begi mpaka gatini, nikamkuta nahodha wa mashua ile ile amesharudi kutoka Mokowe, anakunywa tangawizi. Hakunisema. Alinisogezea kikombe. Marehemu baba alisema, sana, na kwa sauti ya kusikika mpaka Shela, lakini kile kikombe ndicho kilichoniuma.

Na dada zetu? Kibanda cha Langoni hakikuwa na msichana hata mmoja, na sisi hatukuona ajabu. Sheria zote zile tulizotunga, hiyo haikututokea. Dada yangu alijifunza nyumbani, kwa mashine mbovu niliyokuwa nimeileta kuitengeneza. Yuko pale, amejifunika uso kwa mtandio asionekane anacheka, kwa sababu anajua ananifunga. Ilipofika 2015 FIFA 16 ikaingiza timu za wanawake kwa mara ya kwanza, timu 12 za mataifa. Alishuka kwenye orodha yote akitafuta moja ya Afrika. Hapakuwa na hata moja. Akachukua Brazil, akanifunga nne.

La mwisho, kisha niwaachie maswali, maana naona kahawa imefika.

Kuna gemu ya kompyuta ya Waswidi wa kampuni ya Paradox, Europa Universalis IV, iliyotoka 2013. Ni ramani ya dunia nzima, unachagua taifa na kuliongoza kwa biashara, vita na ndoa. Inaanza Novemba 1444 na kuisha 1821. Hebu tazameni kuta hizi mlizoegemea: 1821 ndio mwaka ngome hii ilipokamilika. Gemu inaishia pale fundi wetu alipoweka jiwe la mwisho. Na humo tumo. Kilwa imo, Mombasa imo, Malindi imo. Mara ya kwanza nilipoisogeza ramani nikaona jina la Malindi limeandikwa juu ya rangi yake, nilimwamsha mke wangu. Hakufurahi kama mimi.

Sasa chongo lake. Ilipotoka, mataifa yalipangwa kwa makundi. Wa Ulaya Magharibi walinunua maarifa mapya kwa bei ya kawaida. Sisi kwa bei ya kuongezwa. Hukufanya kosa lolote kwenye mchezo. Umezaliwa mahali hapa, basi unalipa zaidi ili uelewe. Malindi, mji uliompelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, kwenye hesabu za watu wa Stockholm ulikuwa mzito wa kujifunza. Mtu unaweza kucheza miezi usilione, kwa kuwa limejificha ndani ya asilimia. Mimi nililiona kwa sababu nafanya hesabu za duka na najua bei iliyoongezwa inavyonuka. Mwaka 2016 waliuondoa mpango ule, wakaleta mwingine ulio nafuu. Haujanyooka kabisa, lakini ni nafuu.

Na katika miaka ile mitatu, bei ikiwa juu, mimi sikuacha kuicheza. Niliichukua Malindi, mimi Mwamu, mtu wa Lamu, nikaweka kando uhasama wa watani. Wote mnajua kilichotokea kweli: Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, sultani akampokea vizuri, akampa na rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Kwangu hakupewa rubani. Nilianza kujenga merikebu miaka hamsini kabla hajaja, kwa maarifa ya bei ya juu, na kila senti ya ziada niliyolipa niliihesabu kama deni atakalolilipa yeye. Sijui kama nimewahi kuipenda gemu nyingine zaidi. Ile hasira ilikuwa nusu ya utamu.

Hapo niliketi. Maswali yalikuwa machache na mengi yalihusu bei ya bando. Kisha mzee mmoja wa safu ya mbele, nahodha wa zamani ambaye nilidhani amesinzia tangu nilipotaja London FC, akanyanyua bakora yake.

"Huyo Mreno," akasema. "Mule ndani. Apigika?"

Nikamwambia apigika, mzee, ikiwa umejitayarisha mapema, maana mara ya kwanza huja na merikebu chache.

"Wewe ulimpiga?"

"Mara mbili. Mara ya tatu umeme ulikatika."

Akafikiri kidogo, kidole juu ya bakora.

"Ndoo kwangu kesho baada ya alasiri," akasema. "Uje na hiyo kompyuta, na chaji iwe imejaa."